Waya wa Fumba na friji zetu

Kijana ninayemfundisha kazi kwenye banda langu la friji, Mikunguni, amezaliwa Januari 2010, nyumbani, kwa mwanga wa kandili. Hilo la kandili halimshangazi, mama yake ameshamsimulia. Anachokikataa ni kwamba Unguja nzima ilikaa miezi mitatu bila ya umeme na watu wakaendelea kwenda sokoni, kuoza watoto wao na kuzika wafu wao. "Ami, simu mkichajia wapi?" Ndilo swali lake la kwanza. La maji hajaliuliza mpaka leo.

Basi naandika, maana naona hata wakubwa wenzangu wameanza kusahau. Umeme wa Unguja ulikatika tarehe 10 Disemba 2009, ukarudi tarehe 9 Machi 2010. Na hiyo ilikuwa mara ya pili ndani ya miaka miwili. Mwaka 2008 tulishakaa gizani tangu tarehe 21 Mei hadi tarehe 18 Juni. Mara zote mbili hapakuwa na kimbunga, wala tetemeko, wala vita. Palikuwa na waya mmoja chini ya bahari, uliolazwa mwaka 1980, unaoondoka Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam na kuibukia Ras Fumba, na kila taa, kila pampu na kila friji ya kisiwa hichi ilikuwa imening'inia hapo. Waya wenyewe ulikuwa wa megawati 45, na sisi matumizi yetu ya jioni yalishafika huko huko.

Mie si mhandisi wa nguvu kubwa. Kazi nimefunzwa na ami yangu, Mungu amrehemu, kwenye friji za mafuta ya taa na baadaye za umeme. Lakini fundi friji anajifunza mapema kwamba chombo kinachofanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake hakikupi taarifa. Kompresa iliyochoka inanguruma vilevile leo, kesho na keshokutwa, mwenyewe anajisifu kuwa ana friji ya tangu harusi, halafu usiku mmoja inakata na nyama ya Idi imo ndani.

Kabla ya waya huo, kisiwa kilikuwa na mashine zake za dizeli Saateni. Umeme wa bara ulipoingia, mashine zikaonekana ghali na za kizamani, na mashine isiyotumika huwa haina mwenyewe. Waya ulipokatika hapakuwa na pa kukimbilia. Na ni sisi hawa hawa tunaojisifu mbele ya wageni kwamba Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ndilo jengo la kwanza hapa kuwashwa taa za umeme.

Siku ya kwanza kila mtu alidhani ni kukatika kwa kawaida. Watu walikaa barazani, wakasema umeme utarudi alasiri. Siku ya pili wateja wakaanza kuja bandani, na mimi sijui walidhani fundi friji anaweza kuipoza friji kwa dua. Niliwaambia ninachowaambia wateja wote: friza iliyojaa, usiyoifungua, ukaifunika mablanketi, inahimili siku mbili. Ikiwa nusu tupu, siku moja. Wengi walirudi nyumbani wakaifungua ili waangalie kama nyama bado imeganda.

Jioni ya siku ile mitaa ilinukia. Kila nyumba ilipika kila ilichokuwa nacho, na sahani zikavuka njia kwenda kwa majirani: jodari wa kukaanga, kuku wa nazi, mchuzi wa nyama usiokuwa na sababu yoyote ya kupikwa siku ya kazi. Ilikuwa mwezi wa Disemba, kaskazi imeshaanza, joto halilali hata usiku wa manane. Siku ya tatu Unguja ilinuka.

Pale ndipo soko lilipobadilika. Darajani na Malindi, mvuvi aliyezoea kuweka samaki wake kwenye barafu na kusubiri bei ilimbidi auze siku hiyo hiyo. Asubuhi bei ilikuwa ya kawaida, baada ya adhuhuri ikaanguka, na alasiri ukitaka changu unachukua kwa bei unayoisema wewe. Tulifurahi wiki moja. Halafu wavuvi wakapunguza kwenda, kwa sababu petroli ya mashine inanunuliwa kwa bei ile ile hata kama samaki anatupwa, na samaki wakaadimika. Wanawake wa mtaani kwetu waliokuwa hawajashika ng'onda tangu utotoni wakaanza tena kupasua papa, kutia chumvi na kuanika juu ya mapaa. Mama yangu ndiye aliyewaonesha chumvi ni kiasi gani. Mke wangu alikuwa akiuza malai na barafu za ukwaju kwa watoto wa skuli. Hilo lilikufa siku ya kwanza na halikufufuka mpaka Machi, na pesa za malai ndizo zilizokuwa zikinunua mkaa na sabuni ya nyumba yetu. Mimi nami, fundi wa friji katika kisiwa kisichokuwa na umeme, hesabu yangu mnaweza kuifanya wenyewe.

Lakini haya ya friji ni madogo. Nataka kusema kuhusu maji.

Watu wengi hapa mjini, ukiwauliza maji yao yanatoka wapi, watakwambia mferejini. Kabla ya kufika mferejini yanatoka kisimani, chini, na hayapandi wenyewe. Yanapandishwa na pampu, na pampu inakula umeme. Kwa hiyo waya ulipokatika Fumba, mfereji wa Kwahani ulikauka, na wa Jang'ombe, na wa Kikwajuni. Mwanzo tulitumia yaliyobaki kwenye matangi. Baada ya hapo kila mtu alitoka na dumu lake.

Na hapa kuna jambo linanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Miaka ya 1880 Sultan Barghash alileta maji mjini kutoka chemchemi ya Bububu, na yakija kwa mteremko tu. Hapakuwa na pampu, hapakuwa na waya, hapakuwa na bili. Maji yalishuka kwa sababu mji uko chini kuliko chemchemi. Sisi, zaidi ya miaka mia moja baadaye, tukaujenga mji mpaka kwenye vilima, tukachimba visima virefu, tukatia pampu nzuri, na tukawa watu wa kiu mara tu umeme unapokatika. Sisemi turudi kwa Barghash. Watu wa mji ule walikuwa wachache, sisi tumejaa, chemchemi ile haitutoshi. Nasema tu kwamba yeye alifikiria mteremko.

Visima vya zamani vikafunuliwa. Kila mtaa ulikuwa na kisima chake cha uani au cha msikiti ambacho wazee walikijua na vijana walikuwa wakikitupia taka. Kile cha karibu nasi kilifunikwa kwa mabati na juu yake pameegeshwa baiskeli mbovu. Tulikifunua, tukatoa vitu ambavyo sitavitaja hapa, tukateka siku nzima kumwaga mpaka maji yakawa safi. Yalikuwa na chumvichumvi. Ya kuogea na kufulia yalifaa, chai yake ilikuwa na ladha ambayo naikumbuka hadi leo. Ya kunywa tulichemsha, na kuchemsha ni mkaa, na mkaa nao ukapanda bei.

Walioteseka zaidi ni watu wa ghorofa za juu Michenzani. Yule aliyekaa chini alikuwa na taabu ya foleni tu. Aliyekaa juu alikuwa na foleni, halafu ngazi. Vijana walifungua biashara ya kupandisha ndoo, bei kwa kila ghorofa, na kwa mara ya kwanza nikaona mtu akipanga nyumba ya chini kwa bei kubwa kuliko ya juu. Wazee wa juu waliacha kushuka kabisa. Shemeji yangu alikuwa na mama yake mzazi ghorofa ya sita, na kila alfajiri kabla ya kazi alipanda na ndoo mbili, akashuka, akapanda na mbili. Mwezi wa pili akamhamishia bibi kwa nguvu nyumbani kwake Amani. Bibi alikasirika, akasema ametolewa kwake kwa sababu ya ndoo.

Kuna kazi moja niliyoifanya miezi ile ambayo naiona kubwa kuliko friji zote nilizowahi kutengeneza, na haikuwa friji. Bibi wa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ana kisukari, anajipiga sindano za insulini. Alizoea kuziweka kwenye mlango wa friji. Wiki ya pili akamtuma mjukuu wake kwangu: "Bibi anasema we si fundi wa baridi? Basi njoo umletee baridi."

Nilichukua mitungi miwili ya udongo, mmoja mkubwa na mmoja mdogo unaoingia ndani ya mwenzake. Kati yake nikajaza mchanga wa pwani niliouosha chumvi, nikaumwagia maji, juu nikafunika kitambaa kibichi, na vyote nikaviweka ukumbini panapopita upepo. Maji yakitoka kwenye udongo kwenda hewani yanachukua joto. Ni kazi ile ile inayofanywa na gesi ndani ya friji, isipokuwa hapa gesi ni maji na kompresa ni upepo. Kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi kwa hiyo haipozi kama bara kwenye ukavu. Ukumbini kipimo changu kilisoma nyuzi 32, ndani ya mtungi 26. Friji halisi ingempa nne. Lakini daktari wake alikuwa ameshamwambia kwamba chupa inayotumika inaweza kukaa wiki kadhaa nje ya friji, ilimradi joto lisiwe kali. Nyuzi 26 zilimtosha. Mjukuu akapewa kazi ya kumwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Maji hayo hayo ya foleni.

Mtaani baadaye nilitengeneza mingine. Hakuna aliyenilipa na sikudai, ingawa mke wangu alinikumbusha kwamba mitungi tulinunua sisi.

Usiku ulikuwa wa jenereta. Vijenereta vidogo vya Kichina vilimiminika madukani, na Mji Mkongwe, wenye vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, ukajaa moshi na kelele. Watu waliviweka ndani ya korido ili visiibiwe. Mimi nilizunguka nikiwakemea, kwa sababu moshi ule unaua mtu amelala na haumpi hata kikohozi cha kumwamsha. Wenye uwezo walinunua kubwa, wakawasha friji na TV na feni, na nyumba zao zikawa na wageni wengi ghafla. Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Angola Januari ile. Tulilipa kiingilio kwenye ua wa mtu kuangalia Misri wakiifunga Ghana fainali, na dakika za mwisho jenereta ikaishiwa petroli. Sitasema zaidi.

Barazani, lakini, pamenoga. Maalim Seif wa CUF na Rais Amani Karume wa CCM walikuwa wamekutana Ikulu Novemba 2009, habari za maridhiano zilikuwa mbichi, na bila ya TV mazungumzo yalikwenda mpaka usiku mkubwa kwenye redio moja ya betri iliyozungukwa na watu ishirini. Wapo wanaosema giza lile liliwapatanisha watu kuliko vikao. Mie naona liliwakalisha nje tu, kwa sababu ndani hapalaliki.

Na Wapemba walitucheka! Kisiwa chao, ambacho miaka yote tulikidharau kwa umeme wake wa kubabaisha wa mashine za dizeli Wesha, kiliwaka taa. Ami mmoja wa Chake Chake alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa kuniuliza kama nataka aniletee kibiriti. Kejeli yenyewe ni kwamba mwaka ule ule wa 2010 na wao wakaunganishwa na bara, kwa waya wa baharini kutoka Tanga. Alhamdulillahi, ni maendeleo, na umeme wao sasa ni mzuri. Ila sasa na wao wana waya mmoja, na mimi ndiye ninayempigia simu.

Machi 9 umeme uliporudi mji mzima ulipiga kelele, watoto walikimbia njiani, na mimi nikajua kwamba kesho yake nitakuwa na kazi mpaka nichoke. Sababu ni hii. Umeme unaporudi, kila kilichoachwa kwenye swichi kinawaka kwa sekunde moja: feni, pampu, friji, pasi. Nguvu inashuka. Kompresa inajaribu kuanza, nguvu haitoshi, inakwama, na mota iliyokwama inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya ile inayozunguka. Waya wa ndani unaungua. Wiki ile banda langu lilijaa mpaka njiani. Na kwengine kompresa ilikuwa nzima lakini friji ilikuwa imefungwa mlango miezi mitatu, ndani imeota ukungu mweusi, raba imeganda kwenye chuma, mende wamezaana kwenye sufi ya kuzuia joto. Ukijua umeme hautarudi karibuni, toa kila kitu, kausha, acha mlango wazi, chomoa waya ukutani. Na ukirudi, subiri robo saa kabla ya kuchomeka. Kama kuna jambo moja la manufaa katika makala hii ndefu, ni hilo, na ni la bure.

Miaka kadhaa baadaye mwanangu aliyeko chuo alinionesha utafiti wa mchumi mmoja, Alfredo Burlando, uliotoka mwaka 2014, kuhusu giza letu la 2008. Alipekua kumbukumbu za wodi ya wazazi. Kumbe miezi minane na tisa baada ya giza watoto walizaliwa wengi kuliko kawaida, jambo ambalo barazani hatukuhitaji mtafiti kutwambia. Lakini alikuta pia kwamba watoto ambao mimba zao zilikutana na giza walizaliwa na uzito mdogo, na akalihusisha na kipato kilichopotea, kwa sababu wenye kazi za kutegemea umeme walipoteza saa nyingi za kazi. Fundi cherehani, mchomeleaji, msaga nafaka, kinyozi, muuza malai. Niliisoma sehemu ile mara mbili. Mke wangu alikuwa na mimba ya mwanetu wa pili mwaka ule. Alizaliwa mdogo. Sisemi kwamba ni umeme, mtoto mmoja hawezi kuwa ushahidi wa kitu, lakini nakumbuka tulichokuwa tukila mwezi wa Juni.

Serikali nayo haikulala. Katika giza lile la pili jenereta za akiba zililetwa zikawekwa Mtoni. Mwaka 2013 ukaingia waya mpya wa megawati 100, kwa fedha za mfuko wa Marekani wa Changamoto za Milenia. Leo umeme ni mwingi, viyoyozi vimejaa, na wateja wangu wengi hawana friji moja bali mbili. Huko bara bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha mwaka 2024, limejengwa kutoa megawati 2,115. Umeme upo. Sibishi.

Ninachobishana nacho ni kitu chengine. Waya umekuwa mnene, lakini na sisi tumeongeza vitu vya kuutundika. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 984,625 Zanzibar nzima. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Mwaka 2009 umeme ulipokatika pesa yangu ilikuwa mfukoni, ya karatasi. Leo mteja ananilipa kwa simu, mimi nalipa vipuri kwa simu, na umeme wenyewe wa Tukuza, ule wa kulipia kabla ya kutumia, nanunua kwa simu. Minara ya simu ina betri za saa kadhaa, na baada ya hapo inahitaji dizeli, na dizeli inakuja kwa meli. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti za Dar zilisimamishwa. Kilidhoofika kabla ya kutufanyia baya kubwa, tukashukuru, tukaendelea. Lakini kwa siku ile tulikuwa kisiwa kweli, na mimi nilikaa nikifikiri: na waya nao ukikatika leo?

Jibu nililipata Disemba ya mwaka ule, kwa njia mbaya. Mama mkwe wangu ni Mngazija, na Wangazija wa hapa karibu wote wana ndugu Mayotte, kisiwa jirani na Ngazija. Tarehe 14 Disemba 2024 kimbunga Chido kiliipiga Mayotte, upepo unaozidi kilomita 200 kwa saa, kikali kuliko chochote walichokiona kule kwa zaidi ya miaka 90. Nyumba za mabati ziliondoka. Nguzo zililala. Umeme wa Mayotte unazalishwa hasa kwa dizeli kwenye vituo viwili, Longoni na Badamiers, na nyaya za kuusambaza zikawa chini. Maji yakakatika kwa sababu pampu zilikosa umeme. Simu zikakatika. Mama mkwe alikaa na simu mkononi siku nyingi, akipiga, akisikia kimya, akipiga tena. Wa kwanza kupatikana ni mpwa wake wa Mamoudzou, na alichokisema si habari ya upepo. Alisema: hatuna maji.

Kisiwa kile ni cha Ufaransa, nchi tajiri, yenye ndege na manowari. Na hata hivyo siku ya tatu watu walikuwa wakitafuta maji ya kunywa. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema sisi tuko salama kwa sababu vimbunga huku ni nadra, nawauliza: mwaka 2009 kilikuja kimbunga gani?

Tofauti kubwa baina ya 2010 na leo, kwa macho yangu, ni kwamba wakati ule njia ya pili ilikuwa haijafa. Mama yangu alijua ng'onda. Kandili zilikuwamo kabatini. Pasi ya mkaa ilikuwa juu ya kabati la nyanya yangu, ukiifuta vumbi inafanya kazi. Visima vilikuwa vimefunikwa tu, havijafukiwa. Leo kile kisima chetu tulichokifunua kimejengewa duka la vipodozi. Mama ameshafariki. Nimewauliza mabinti zangu chumvi ya ng'onda ni kiasi gani, wakaangalia kwenye simu.

Sasa hivi mtaani kwetu msikiti unachimba kisima kipya, kirefu, kwa mchango wa watu walioko Oman na Uingereza. Mchoro una pampu ya umeme, tangi la juu na mifereji sita. Nilikwenda kwenye kikao nikaomba pembeni yake ichimbwe shimo fupi na iwekwe pampu ya mkono, ya kusukuma kwa mti, ambayo mtoto wa miaka kumi anaiweza. Mhandisi kijana akasema wataweka sola badala yake. Nikamwambia sola ni nzuri na nitaisaidia kuifunga mwenyewe, lakini upepo wa Chido uliondoa mapaa, na paneli hukaa juu ya paa. Mzee mmoja akasema pampu ya mkono inaharibu sura ya msikiti. Wengine wakasema tuombe Mungu tusifike huko. Katibu akaandika kwamba hoja ya fundi imepokelewa.

Nimeshamuuliza fundi mmoja wa Mwera bei ya pampu yenyewe na ya kuchimba mita kumi na tano. Si kubwa, haifiki bei ya kiyoyozi kilichowekwa kibla. Kamati inakutana tena baada ya Idi, na nitakwenda na karatasi ya bei mkononi. Yeyote wa Mikunguni anayesoma hapa na anakubaliana nami, kikao ni baada ya sala ya isha.